Padri Joseph Mohr na Wimbo wa Usiku wa Noeli

Usiku wa Noeli Wakristo huja kanisani kutoka vijiji vya mbali. Mmoja hutangulia na taa, wengine hufuata nyuma, akina mama wakiwa na watoto mgongoni. Watu wa Kibombo waijua safari hiyo, wale wanaopita njia za msituni na wale wanaofuata reli. Wakiisha kuingia kanisani, mara nyingi husikia wimbo mmoja wa polepole, ambao hata mtoto mdogo aweza kuufuata. Wimbo huo wasimulia juu ya usiku mtulivu, juu ya Mama na Mtoto, na juu ya wachungaji walioamshwa na malaika. Kwa Kijerumani huitwa Stille Nacht, nao umegeuzwa katika lugha nyingi sana za dunia, Kiswahili pia.

Wengi huuimba, wachache humjua aliyetunga maneno yake. Hakuwa mfalme wala mwanamuziki mwenye sifa. Alikuwa padri maskini, mwana wa mama maskini, na jina lake ni Joseph Mohr. Yafaa wakatekumeni wayajue maisha yake, wapate kuelewa kwa nini Kanisa huimba katika sikukuu ya kuzaliwa Bwana, na wimbo wadai nini kwa yule anayeuimba.

Mtoto aliyeachwa na baba

Joseph alizaliwa tarehe 11 Desemba 1792 katika mji wa Salzburg, ulio leo katika nchi ya Austria. Siku zile mji huo ulitawaliwa na Askofu Mkuu wake. Mama yake, Anna Schoiber, alipata riziki kwa kufuma soksi. Baba yake, Franz Mohr, alikuwa askari. Kabla mtoto hajazaliwa alitoroka jeshini, akamwacha mama peke yake. Hawakuwa wamefunga ndoa. Kwa desturi ya mahali pale mtoto alipewa jina la baba yake, lakini nyumbani baba mwenyewe hakuwapo.

Mtoto wa namna hiyo alibeba aibu kubwa asiyoitenda yeye. Milango mingi ilifungwa mbele yake: milango ya shule, ya kazi na ya heshima. Hata msimamizi wake wa ubatizo alikuwa mtu aliyeepukwa na watu, kwa maana ndiye aliyetumwa na serikali kuwaua waliohukumiwa kufa. Mtu huyo hakufika yeye mwenyewe kanisani. Mwingine alisimama mahali pake.

Tazameni basi: mama aliyedharauliwa, baba mtoro, msimamizi asiyetakiwa na watu. Lakini maji ya Ubatizo yaliyomwagwa juu ya kichwa cha Joseph hayakuwa maji ya namna nyingine kuliko yale yanayowamwagikia wana wa wafalme. Siku ile akawa mwana wa Mungu na ndugu wa Kristo. Mtu yeyote asifikiri kwamba asili yake yamzuia kumkaribia Mwokozi. Yeye mwenyewe alizaliwa ugenini, akalazwa katika hori ya wanyama.

Mungu hakumwacha mtoto yule. Padri mmoja wa kanisa kuu la Salzburg, Johann Nepomuk Hiernle, aliyeongoza uimbaji, aliitambua akili yake na sauti yake nzuri. Akamlea kama baba alivyo kwa mwanawe, akamsaidia kusoma. Joseph alijifunza kuimba na kupiga fidla, akaimba katika ibada za kanisa. Tangu mwaka 1808 alisoma kwa muda kwa watawa Wabenedikto wa Kremsmünster, kisha akarudi Salzburg, akaingia seminari mwaka 1811.

Pale akakutana tena na ile aibu ya zamani. Sheria ya Kanisa ya siku zile haikuruhusu mtu aliyezaliwa nje ya ndoa kupewa upadri, isipokuwa apate ruhusa ya pekee. Joseph aliomba ruhusa hiyo, akapewa. Tarehe 21 Agosti 1815, akiwa na miaka 22, alipewa Daraja takatifu la upadri. Kizuizi hicho hakimo tena katika Sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka 1983.

Miaka ya vita na njaa

Padri Mohr alitumwa Mariapfarr, parokia ya milimani, ambako ukoo wa baba yake ulitoka. Miaka ile ilikuwa migumu. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha tu. Kwa miaka mingi majeshi yalikuwa yakipita, yakila chakula cha wenyeji. Mji wa Salzburg ulikuwa umehamishwa toka mtawala huyu hata mtawala yule, kama mzigo unaopokezanwa njiani. Tena katika mwaka 1815 mlima wa moto uitwao Tambora, katika visiwa vya Indonesia, ulipasuka kwa nguvu, majivu yake yakapanda juu sana na kulififisha jua. Mwaka uliofuata, 1816, nchi nyingi za Ulaya zilikosa majira ya joto. Mazao yaliharibika, njaa ikaingia katika nyumba za watu.

Katika mwaka huohuo, 1816, padri yule kijana alitunga shairi la beti 6 juu ya usiku wa kuzaliwa Bwana. Yaelekea mtu ataraji shairi la kilio, kwa sababu ya mambo aliyoyaona. Lakini Joseph Mohr aliandika juu ya amani. Alimsifu Mtoto aliyelala mikononi mwa Mama yake. Katika ubeti mmoja alimtukuza Yesu anayewakumbatia watu wa mataifa yote kama ndugu zake. Watu waliokuwa wakiuana jana, yeye aliwaweka pamoja mbele ya hori moja.

Mwaka 1817 padri aliugua, akapelekwa hospitali ya Salzburg, maana hewa ya baridi ya milimani ilimdhuru kifua. Alipopata nafuu alitumwa Oberndorf, kijiji kilicho kando ya mto Salzach. Wengi wa watu wa pale walikuwa mabaharia wa mtoni na waundaji wa mashua, waliopakia chumvi na kuishusha kwa mto. Mpaka mpya wa nchi ulikuwa umewekwa mwaka 1816 katikati ya mto: upande mmoja Austria, upande wa pili Bavaria. Mtu wa Maniema afikiri kama mpaka ungepitishwa katikati ya Lualaba pale Kindu, jamaa wa ng'ambo hii wakatengwa na jamaa wa ng'ambo ile. Ndipo atakapoielewa huzuni ya watu wale. Biashara ya chumvi nayo ilikuwa imepungua, na umaskini ukazidi.

Padri Mohr alikaa nao kama ndugu. Alizungumza na watu wa mashua, akacheka nao, akapiga gitaa lake. Mkubwa wake wa parokia hakupendezwa. Alimshtaki kwa wakubwa wa Kanisa, akisema kwamba mwenendo wake ni wa kitoto, na kwamba huimba nyimbo zisizojenga roho. Ndivyo padri yule alivyoishi Oberndorf: mwenye kupendwa na maskini, na kutiliwa shaka na mkubwa wake. Hata hivyo hakuacha kazi yake.

Padri na mwalimu

Karibu na Oberndorf kuna kijiji kiitwacho Arnsdorf. Mwalimu wa shule ya pale aliitwa Franz Xaver Gruber. Alizaliwa mwaka 1787, mwana wa mfumaji wa nguo. Baba yake alitaka awe mfumaji kama yeye, lakini mtoto alipenda muziki. Basi akawa mwalimu, naye alifanya kazi nyingi kama wafanyavyo walimu wa misioni: alifundisha watoto, alitunza kanisa la Arnsdorf, tena tangu mwaka 1816 alipiga kinanda katika kanisa la Mtakatifu Nikolao la Oberndorf.

Tarehe 24 Desemba 1818 Padri Mohr alimpa Mwalimu Gruber shairi lake, akamwomba alitungie sauti ya watu wawili pamoja na kwaya, ifuatwe na gitaa. Mwalimu aliifanya kazi ile siku ileile, akamrudishia. Usiku ule wa Noeli wote wawili waliimba katika kanisa la Mtakatifu Nikolao. Padri aliimba sauti ya juu na kupiga gitaa. Mwalimu aliimba sauti ya chini. Kwaya ikarudia maneno ya mwisho ya kila ubeti. Watu waliusikia wimbo, wakafurahi.

Kwa nini gitaa, wala si kinanda? Watu wengi husimulia kwamba panya walikuwa wameitafuna mifuko ya hewa ya kinanda. Hayo ni masimulizi yaliyozuka baadaye. Gruber mwenyewe alipoandika habari za wimbo huo hakutaja panya wala kinanda kuharibika. Lakini jambo moja ni hakika: gitaa halikuwa chombo cha kanisani siku zile. Lilikuwa chombo cha watu wa kawaida, kilichosikiwa nyumbani na katika vilabu. Usiku ule chombo hicho kidogo kilipewa heshima ya kumsifu Mungu aliyejifanya mdogo.

Wimbo waenea, mtungaji asahauliwa

Wimbo haukukaa Oberndorf. Inasimuliwa kwamba fundi wa vinanda, Karl Mauracher, aliuchukua mpaka kwao katika bonde la Ziller. Kutoka bonde lile zilitoka jamaa za waimbaji waliosafiri. Jamaa ya Strasser walikuwa wachuuzi wa mifuko ya mikono ya ngozi; walikwenda kuuza katika soko la Leipzig, na huko wakaimba wimbo huo mnamo mwaka 1831 na 1832. Jamaa ya Rainer wakauvusha bahari, wakauimba New York mwaka 1839. Wimbo ulipochapwa, haukutajwa kwa jina la Mohr wala la Gruber. Watu walidhani ni wimbo wa kale wa wenyeji wa milimani. Wengine wakasema umetungwa na mwanamuziki mkubwa.

Mwaka 1854 waimbaji wa mfalme wa Prussia, mjini Berlin, walipeleka barua Salzburg kuuliza kama mtungaji ni Michael Haydn, mwanamuziki maarufu. Ndipo Mwalimu Gruber, akiwa mzee wa miaka 67, alipoandika habari ya kweli, tarehe 30 Desemba 1854. Alieleza siku, mahali na namna wimbo ulivyotungwa, wala hakujitwalia sifa ya maneno: alishuhudia kwamba ni ya Padri Mohr. Mwaka 1995 karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa Mohr ilipatikana, nayo inaonyesha kwamba maneno ni yake, ya mwaka 1816, na sauti ni ya Gruber. Kila mmoja alikuwa amempa mwenzake haki yake.

Lakini Gruber alipoandika, Padri Mohr alikuwa amekwisha kufa miaka 6 iliyopita.

Padri wa maskini mpaka kufa

Mwaka 1819 Padri Mohr aliondolewa Oberndorf. Toka hapo alihamishwa mara nyingi, parokia hata parokia, karibu zote ndogo na maskini. Alikaa miaka karibu 10 katika kijiji cha Hintersee. Mwaka 1837 alipelekwa Wagrain, kijiji cha milimani, na huko akadumu mpaka mwisho.

Pale Wagrain aliona kwamba watoto wa maskini hawapati elimu. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe, pasipo padri aliyemshika mkono, angalibaki bila kusoma. Basi alijitahidi mpaka ikajengwa shule, akatafuta fedha ili watoto wasio na kitu wapate kusoma humo. Aliwahurumia wazee pia. Fedha aliyoipata haikukaa mkononi mwake. Iliingia kwa mkono mmoja, ikatoka kwa mwingine kwenda kwa wahitaji.

Tarehe 4 Desemba 1848, siku chache kabla ya kutimiza miaka 56, alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Hakuacha mali. Hakuna picha yake iliyochorwa alipokuwa hai, hata leo watu hawaujui kwa hakika uso wake. Alikufa bila kujua kwamba wimbo wake utaimbwa karibu katika kila nchi ya dunia.

Kanisa la Mtakatifu Nikolao liliharibiwa na mafuriko ya mto Salzach mwishoni mwa karne ya 19, likabomolewa baadaye. Mahali pake pamejengwa kikanisa cha ukumbusho, kilichokamilika mwaka 1937. Gitaa la padri limehifadhiwa Hallein, mji alikokufa Mwalimu Gruber mwaka 1863. Shule ya Wagrain yaitwa kwa jina la Joseph Mohr.

Kwa nini Kanisa huimba usiku wa Noeli

Maisha hayo yatufundisha maana ya wimbo wa Noeli.

Kwanza, wimbo wa Noeli haukuanzia duniani. Mtakatifu Luka atusimulia kwamba malaika ndio waliotangulia kumsifu Mungu usiku ule, na waliosikia walikuwa wachungaji waliokesha na kondoo zao. Kwa hiyo Kanisa hunyamazisha utenzi wa Utukufu katika Misa za Dominika za Majilio, kama mtu anayengoja, halafu huuimba tena kwa furaha katika Misa ya usiku wa Noeli. Anayeimba Noeli aitikia wimbo ulioanzishwa na malaika.

Pili, wimbo ni mafundisho. Watu wa mashua wa Oberndorf hawakuwa na vitabu vingi. Lakini aliyeshika beti zile moyoni alishika imani: kwamba Mtoto yule ni Mungu kweli na mtu kweli, kwamba amezaliwa na Bikira, kwamba amekuja kuwaokoa watu wote. Bibi kizee asiyejua kusoma aweza kuifundisha nyumba yake yote kwa wimbo mmoja, huku akitwanga.

Tatu, wimbo wa kanisani ni sala, si pambo. Sauti nzuri isiyo na moyo ni kama kengele: yawaita wengine waingie, yenyewe yabaki nje. Padri Mohr aliimba juu ya Mtoto maskini, kisha akawatumikia watoto maskini. Alichokiimba kwa kinywa alikitenda kwa mikono. Mtu aimbaye usiku juu ya amani, na asubuhi akarudia ugomvi na jirani juu ya shamba, ameuvunja wimbo wake mwenyewe. Hata vitani wimbo huu umekwisha kuwaaibisha wenye silaha: usiku wa Noeli wa mwaka 1914, katika vita kuu, mahali pengi askari Wajerumani na Waingereza waliimba nyimbo za Noeli toka mahandaki yao, wakatoka, wakapeana mikono. Vita viliendelea baadaye, lakini usiku ule walikumbuka kwamba ni ndugu.

Nne, kila chombo na kila lugha vyaweza kumtumikia Mungu, ikiwa vinatumiwa kwa heshima na kwa kulifuata Kanisa. Tarehe 25 Desemba 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliandika barua juu ya muziki mtakatifu, akazisifu nyimbo za dini ambazo watu huimba katika lugha yao. Tarehe 4 Desemba 1963, siku ileile ya mwezi aliyokufa Padri Mohr, Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitangaza hati juu ya Liturjia, ukaagiza muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake katika ibada. Mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Ngoma inayopigwa kanisani usiku wa Noeli ina haki ya kuwapo, kama gitaa la Oberndorf. Lakini nayo yatakiwa kujua mahali pa kunyamaza, maana Mtoto amelala, na mbele ya hori kuna wakati wa kupiga magoti bila neno.

Tano, mkatekumeni asijione mgeni. Hajaikaribia bado meza ya Bwana. Angali anangoja siku ya Ubatizo wake. Labda yupo anayeona haya kwa sababu ya nyumba alimozaliwa, au kwa sababu baba yake hajulikani, au kwa sababu nguo yake ni moja tu. Mtu huyo na amkumbuke mtoto wa Anna Schoiber. Watu walimhesabu kuwa si kitu, na Mungu akaliweka katika kinywa chake neno la kuwafariji mamilioni. Wachungaji nao walifika horini kabla hawajajua mengi. Walichojua ni kwamba wameitwa. Mkatekumeni ameitwa pia, na kuimba amekwisha kuruhusiwa.

Basi usiku wa Noeli utakapofika, taa zikawashwa, na wimbo ule wa polepole ukaanza, kila mtu aimbe kwa sauti aliyopewa na Mungu, iwe nzuri au ya kukwaruza. Na wimbo ukiisha, anyamaze kidogo, amwombee raha ya milele Padri Joseph Mohr na Mwalimu Franz Gruber. Kisha arudi nyumbani akiwa na amani na watu wote aliopishana nao njiani.

Maswali ya kujikumbusha

1. Joseph Mohr alikuwa na aibu gani utotoni, na nani alimsaidia?
2. Maneno ya wimbo yalitungwa mwaka gani, na mambo ya nchi yalikuwaje wakati ule?
3. Nani aliitunga sauti, na wimbo uliimbwa kwanza wapi na lini?
4. Padri Mohr alifanya nini kwa watoto wa Wagrain?
5. Kwa nini twasema kwamba wimbo wa kanisani ni sala, si pambo?
6. Kabla ya Noeli hii, ni nani ambaye yakupasa kupatana naye?